Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Maelekezo kwa Mkaaji wa Hoteli Ndogo ya Kisiwani

1.0 Utangulizi

Lweba ni makazi yaliyo kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, katika eneo la Fizi, Kivu ya Kusini. Katika mwambao huohuo, ng'ambo ya ghuba iliyo mbele ya Baraka, huinuka milima ya Ubwari. Kwa mtu atokaye ziwani, Ubwari huonekana kama kisiwa. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walipita hapo wakitoka Ujiji kwenda Uvira, naye Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Sivyo. Ubwari ni rasi iliyoungana na nchi kavu kwa upande wa kusini, jambo ambalo wakazi wake hawakuhitaji ramani ili walijue. Ghuba hiyo hadi leo inabeba katika ramani jina la mgeni aliyekosea.

Kisa hiki kinafaa kutangulizwa kwa sababu kinaonyesha asili ya makosa mengi ya wageni. Mgeni huona umbo la mahali kabla ya kujua mahali penyewe panaishije. Makala hii inakusudia kueleza mambo ambayo mtu anayekwenda kukaa katika hoteli ndogo ya kisiwani anapaswa kuyajua na kuyatenda. Walengwa hasa ni walimu na wanafunzi wa vyuo, ambao huenda visiwani kwa utafiti, kwa mafunzo au kwa mapumziko, na ambao mara nyingi huombwa na wenye hoteli kuwatungia au kuwatafsiria maagizo ya wageni. Mfano mkuu utakuwa kisiwa cha Chumbe, Zanzibar. Ziwa Tanganyika litaletwa kwa ulinganisho, maana si kila agizo lifaalo baharini hufaa ziwani.

2.0 Kisiwa na Hoteli

Kamusi za Kiswahili huonyesha kwamba neno kisiwa lina uhusiano na neno siwa, yaani kisiwa kikubwa. Kiambishi ki- kinaleta dhana ya udogo, na udogo huo ndio kiini cha mjadala huu. Katika nchi kavu, maji yakipungua huletwa kutoka kwingine, na taka zikizidi hupelekwa kwingine. Kisiwa kidogo hakina kwingine. Kinachotumika hapo kimeletwa kwa chombo au kimetoka angani kwa mvua, na kinachotupwa hubaki hapo au huingia baharini.

Neno hoteli nalo lina tatizo lake. Kwa Waswahili wengi wa Kenya na Tanzania, hoteli ni mahali pa kula, na mahali pa kulala huitwa gesti au nyumba ya wageni. Hoteli inayozungumzwa hapa ni ile yenye vyumba vichache, pengine chini ya kumi, ambamo mpishi, nahodha na mlinzi huweza kuwa jamaa wa kijiji kimoja. Mgeni wa hoteli ya namna hii hawezi kukaa bila kujulikana. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Kila alitendalo huonekana.

Chumbe ni kisiwa cha matumbawe kilicho kusini ya mji wa Zanzibar. Kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa magharibi ya kisiwa hicho kuwa hifadhi, na baadaye msitu wake nao ukahifadhiwa. Hoteli iliyojengwa hapo ina vibanda saba tu vilivyoezekwa kwa makuti, na mapato yake husaidia kuendesha hifadhi. Baadhi ya walinzi wa kwanza wa hifadhi walikuwa wavuvi wa maeneo ya jirani. Wanafunzi wa shule za Unguja hupelekwa hapo kujifunza habari za matumbawe. Kwa hiyo mgeni wa Chumbe halali katika nyumba ya biashara tu, bali analala ndani ya darasa na ndani ya hifadhi.

3.0 Maji

Jambo la kwanza la kuulizwa mgeni anapofika ni hili: maji ya hapa yanatoka wapi? Majibu huwa matatu. Huweza kuwa maji ya kisima, maji ya kuletwa kwa chombo, au maji ya mvua.

Kisima cha kisiwani si sawa na kisima cha bara. Maji baridi, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi, huelea juu yake chini ya ardhi. Kwa makadirio ya wataalamu, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hutegemezwa na kiasi cha mita 40 zilizo chini yake. Ukichota kwa pupa, maji ya chumvi hupanda, na kisima kikishaingia chumvi huchukua muda mrefu kurudia hali yake. Wanaoumia ni wanakijiji wanaokitegemea, wakati mgeni ameshaondoka.

Chumbe, kama visiwa vingi vya jiwe la matumbawe, hutegemea mvua. Mapaa ya vibanda yameundwa kuyakusanya maji, yakachujwa na kuhifadhiwa katika birika la chini. Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mahali panapopata milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, huweza kukusanya lita 150,000 kwa mwaka kabla ya hasara. Idadi hiyo ni kubwa kwa kusikia, lakini mvua haiji kila siku. Huja wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Tuchukulie birika la lita 20,000 linalopaswa kuvuka siku 100 za ukame. Kila siku itapata lita 200. Bomba la kuogea linalotoa lita kumi kwa dakika, likiachwa wazi kwa dakika kumi, humaliza nusu ya fungu la siku nzima. Mtu mmoja akioga hivyo mara mbili, hakuna tena maji ya kupikia wala ya kufulia. Ndiyo maana ya msemo kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Kwa sababu hiyohiyo vyoo vya Chumbe ni vyoo vya mboji, visivyohitaji maji ya kusukumia. Mgeni aliyezoea kutumia maji msalani asione haya kuuliza mapema maji yatumikeje na yamwagwe wapi. Suala hili lina uzito kwa Mwislamu, ambaye kujitohara kwa maji ni sehemu ya ibada yake, na mwenyeji mwema huwa ameshaliandalia jibu. Kinachoharibu ni kunyamaza na kubahatisha.

4.0 Chombo, Maji Kujaa na Saa

Safari ya kwenda kisiwani ni sehemu ya ukaaji, tena ndiyo sehemu ya hatari zaidi. Tarehe 18 Julai 2012 meli iitwayo MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na Chumbe, na watu wengi wakafa. Ulikuwa msimu wa kusi, pepo zinazovuma kwa nguvu kati ya miezi ya Mei na Septemba. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ilizama katika Ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, na hapo pia watu wengi walipoteza maisha. Kwa hiyo mgeni asikubali kupanda chombo kilichojazwa kupita kiasi, wala asiondoke gatini kabla ya kuvaa jaketi la kujiokolea lililofungwa barabara. Nahodha akisema leo haiendeki, mgeni asimshindilie kwa fedha. Nahodha anayekubali kushindiliwa si wa kuaminiwa.

Baharini, ratiba ya chombo hufuata maji. Katika pwani ya Zanzibar maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kufika mita nne hivi. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Mgeni anayejua tarehe ya mwezi anajua kama atashukia gatini au atatembea majini na mzigo kichwani. Vifaa vya utafiti na karatasi vifungwe katika mfuko usiopenya maji hata kama safari ni ya nusu saa.

Ziwani mambo ni mengine. Ziwa Tanganyika halina kujaa na kupwa kwa kila siku kunakoonekana kwa macho, lakini kina chake hubadilika kwa majira na kwa miaka. Katika miaka ya 2020, 2021 na 2024 maji yalipanda mno, yakaingia katika nyumba na barabara za mwambao. Upepo wa kusini-mashariki, unaovuma hasa kuanzia Mei hadi Septemba, huweza kuinua mawimbi makubwa, maana ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita zipatazo 670. Mgeni wa Lweba asidhani kwamba maji yasiyo na chumvi hayana ukali.

Tatizo jingine ni saa. Mwenyeji anaposema chombo kitaondoka saa tatu asubuhi, anahesabu tangu mapambazuko. Mgeni anayehesabu tangu usiku wa manane atakuta gati tupu. Aidha, avukaye kutoka Kigoma kwenda upande wa Fizi hubadilisha saa, kwa kuwa Kivu ya Kusini iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ni vyema kuuliza si saa pekee, bali pia kama jua litakuwa limechomoza.

5.0 Matumbawe, Wanyama na Taka

Wageni wengi hudhani kuwa tumbawe ni jiwe. Kwa hakika ni makao ya wanyama wadogo walio hai, ambao hujenga mwamba kidogo kidogo, na baadhi ya matumbawe hukua kwa milimita chache tu kwa mwaka. Unyayo mmoja unaweza kuvunja kazi ya miaka mingi. Joto la bahari lilipopanda mwaka 1998, na tena mwaka 2016, matumbawe ya Afrika Mashariki yalipauka na mengi yakafa. Mwamba ambao umejeruhiwa na joto hauna nguvu ya kustahimili pia miguu ya watu.

Katika hifadhi ya Chumbe uvuvi hauruhusiwi. Mgeni huogelea juujuu kwa kioo cha macho na bomba la kupumulia, na uzamiaji wa mitungi kwa starehe haukubaliwi. Anayeogelea akae wima pale tu penye mchanga, asishike kitu, na asisogeze mguu asipopaona. Hadhari hii inamlinda yeye pia, kwa kuwa miambani kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi, na wapo samaki wenye miiba ya sumu wanaofanana kabisa na jiwe. Badala ya kujipaka dawa nyingi za kuzuia jua, ambazo baadhi yake zina kemikali zinazodhuru matumbawe, inafaa kuvaa shati la mikono mirefu.

Usiku pana wenyeji wengine. Chumbe kuna kaa wakubwa wa nchi kavu wanaopanda miti, ambao ni wakubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu duniani na ambao wametoweka mahali pengi kwa kuwindwa. Mgeni atembee na tochi, aielekeze chini, na asiache chakula chumbani. Kombe na vipande vya matumbawe havichukuliwi, wala havinunuliwi kwa watoto wa ufuoni, maana kila kinachonunuliwa leo kitatafutwa tena kesho.

Kuhusu taka, kanuni ni moja. Kile ambacho hakiozi kirudi na aliyekileta. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafanya hivyo mwaka 2019. Hata hivyo betri, chupa na vifungashio vya dawa bado huja na wageni, na kisiwani hakuna mahali pa kuvitupa.

6.0 Afya

Agizo la afya lisinakiliwe kutoka kisiwa hadi kisiwa bila kufikiri. Unguja na Pemba zimepunguza malaria kwa kiasi kikubwa tangu miaka ya 2000, ilhali katika mwambao wa Fizi ugonjwa huo ungali mzito. Hivyo chandarua ni cha lazima Lweba kila usiku, na anayepata homa baada ya safari apimwe bila kuchelewa.

Kinyume chake, kichocho hakipatikani katika maji ya chumvi, bali hupatikana ziwani. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Mgeni asioge kwenye matete, na akishaingia ziwani apimwe wiki kadhaa baadaye hata kama hajisikii vibaya. Vilevile kipindupindu hurudi mara kwa mara katika mwambao wa Uvira, Baraka na Fizi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yanapoonekana maangavu. Anayeharisha apewe mara moja maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Kisha apelekwe kituo cha afya.

7.0 Adabu ya Mgeni

Hoteli ndogo ina pazia jepesi kati yake na kijiji. Vazi la kuogelea lina mahali pake, nalo lisipite katika njia ya kisimani wala mbele ya msikiti. Katika mwezi wa Ramadhani mgeni asiyefunga ale ndani. Picha ya mtu hupigwa baada ya idhini yake. Katika eneo kama Fizi, ambalo limejua vita tangu mwaka 1996, kamera isielekezwe kwa askari wala vizuizi vya barabarani, na mtafiti ajitambulishe kwa viongozi wa mahali kabla ya kuanza kuuliza watu maswali.

Maamkizi hayapitwi. Kijana humwamkia mkubwa kwanza, naye mpishi aliyemzidi mgeni umri ni mkubwa hata kama amevaa aproni. Kumwita mtu mzima "boi" ni tusi la enzi za ukoloni. Bahshishi itolewe kwa utaratibu wa nyumba, ili aliye jikoni asiyeonekana naye apate. Mwanafunzi anayekaa muda mrefu akumbuke kwamba mgeni siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Kuosha sahani yake au kusaidia kubeba ndoo hakumpunguzii heshima.

8.0 Lugha ya Maagizo

Hapa ndipo msomi wa Kiswahili anapohusika moja kwa moja. Maagizo mengi ya hoteli yametafsiriwa neno kwa neno, na matokeo yake ni orodha ya makatazo yanayoanza kwa usi-: usipoteze maji, usiguse, usiingie, usitupe. Mwingereza huweza kuyalainisha kwa neno moja la ombi. Lakini "tafadhali" ikitangulia makatazo kumi mfululizo haiondoi ukali. Mgeni wa Kiswahili husikia anafokewa nyumbani mwa watu.

Lugha ina njia nyingine. Ya kwanza ni kauli ya kutendwa pamoja na dhamira tegemezi: "Maji na yatumiwe kwa kiasi, ni ya mvua." Amri imeondoka kwa mtu, ikawekwa kwenye maji, na sababu imetajwa. Ya pili ni kueleza hali badala ya kukataza. Kibao cha mlangoni kisemacho "Usisumbue" ni kikali, lakini "Mgeni amepumzika" hutosha kumrudisha yeyote. Ya tatu ni methali, ambayo humpa mgeni nafasi ya kujirekebisha bila kutajwa.

Msamiati nao uwe wa mahali. Samaki wadogo wanaoitwa dagaa Kigoma huitwa ndagala Uvira, na orodha ya chakula iliyotungwa Dar es Salaam inaweza isieleweke ng'ambo ya ziwa. Mtungaji wa maagizo ya nyumba ya wageni ya Lweba atafanya vyema kuyasoma kwa sauti mbele ya mpishi na nahodha kabla ya kuyabandika, kwa kuwa wao ndio watakaoulizwa maana yake.

9.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba maelekezo yote yaliyotolewa yanarudi katika swali moja: mahali hapa panaishije? Maji yanatoka wapi, chombo kinategemea nini, mwamba umepona kiasi gani, wenyeji wanaamkiana vipi. Mgeni anayeuliza maswali hayo siku ya kwanza hahitaji orodha ndefu ya makatazo.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kauli hii huchukuliwa kama makaribisho, nayo ni makaribisho yenye sharti. Hoteli ya kisiwani huleta ajira na huweza kulinda mwamba, kama Chumbe inavyodhihirisha, lakini huweza pia kukausha kisima cha kijiji kwa msimu mmoja. Lipi litokee hutegemea kwa sehemu kubwa watu wanaolala vyumbani. Na yule aitazamaye Ubwari kutoka majini, akidhani ni kisiwa, amuulize mwenye mtumbwi kabla ya kuichora ramani yake.